Mpingo ama Mkangazi kwa Ukulele za Katelembo

Mheshimiwa mwakilishi wa mgeni wa heshima, ambaye amekwama kwenye mizani ya malori ya Mlolongo, Bwana Chifu, Naibu wa Chifu, Msaidizi wa Naibu wa Chifu, wenyeviti wa kamati na wenyeviti wa kamati ndogo za kamati hizo, Kwaya ya Akina Mama wa Katelembo, mabibi na mabwana, hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Hatujambo tena.)

Mimi, Urbanus, Katibu Mratibu wa Kamati ya Muda ya Ukulele, nasimama hapa mwaka huu wa elfu mbili na tatu, kwa unyenyekevu ambao nimesifiwa sana (makofi ya mke wake), kuzindua rasmi utengenezaji wa ala hii, dada mdogo wa gitaa mwenye nyuzi nne, kulingana na matakwa binafsi ya mwananchi. Utafiti wetu umebaini kwamba asilimia tisini ya wananchi hawajawahi kuulizwa wanapenda ubao wa shingo wa mti gani, na asilimia kumi iliyobaki ni mimi. (Kicheko.)

Apendaye sauti kali atapewa ubao wa mpingo, na apendaye sauti ya pole atapewa mkangazi. Vigingi vya kukazia nyuzi navyo vitakuwa vya gia, vizito lakini havilegei, ama vya kusokota tu, vyepesi lakini vyataka subira. Mama Kavata, kiongozi wa kwaya iendayo mashindanoni Jumamosi, na ambayo kwa kutuamini imeshagawa ngoma zake zote, simama utumie haki yako.

(Mama Kavata anasimama. "Bwana Katibu, mimi nataka mpingo. Vidole vyangu viko na suguru za jembe, vitakula mbao laini. Na vigingi viwe vya gia, mimi hupiga kwa nguvu."

"Mimi hapana," anasema Mwongeli, mdogo wake. "Vya gia vitanichosha mkono. Nipatie vyepesi, na mkangazi."

"Wewe huna subira ya kusokota."

"Ninayo. Nimeishi na wewe."

Kicheko. Uwanja mzima unagawanyika, mpingo huku, mkangazi kule.)

Hiyo ndiyo demokrasia ya nyuzi.

("Basi leta tuguse," anasema Mama Kavata.)

Kugusa, Mama, ni implementesheni ya awamu ya pili. Sasa mniitikie. Ukulele! (Yetu!) Kigingi! (Chaguo langu!)

Kwa kumalizia, namshukuru fundi, ambaye tutamtafuta, na wafadhili, ambao bado hatujawaandikia, na ninyi nyote mliofika kuuenzi mradi huu, ambao ni wazo nililopata leo asubuhi nikioga. Asanteni.

(Mwongeli anamtazama dada yake. "Na Jumamosi?"

Mama Kavata anafikiri kidogo, kisha anaanza kuiga nyuzi kwa mdomo, ting'i ting'i, kali kama mpingo. Mwongeli anamjibu kwa sauti ya pole. Kwaya inadaka, wengine mpingo, wengine mkangazi, na Chifu anacheza, kofia mkononi.

"Jumamosi tunaenda hivi hivi," anasema Mama Kavata.)

Tafadhali ketini, wananchi, awamu ya pili haijazinduliwa.

(Hakuna anayeketi.)