Jinsi Mzee Manasseh wa Manga Alivyokwenda Chooni Peke Yake

Sogeeni, enyi mlioketi mbali. Fungeni mbuzi, epueni sufuria, na kila mwenye sikio alitege, kwa maana nitasimulia tendo lililotendeka juu ya mgongo wa kilima cha Manga katika mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na nane, siku ya Jumanne, wakati wa alasiri. Na shujaa wake alikuwa Manasseh Ombui, mwalimu mstaafu, mwenye umri wa miaka sitini na tisa, Simba wa Ubao, Mvunja Chaki.

Huyu Manasseh mishipa ya moyo wake iliziba, hata akawa hawezi kuvuka ua bila kushika kifua. Binti yake Bitutu, muuguzi katika nchi ya Waingereza, akampeleka huko. Na matabibu wa huko wakampasua kifua, wakatoa mshipa mguuni mwake, wakaushona moyoni ili damu ipate njia ya kando. Akarejea Manga mzima, na agizo la daktari lilikuwa neno moja: atembee.

Lakini mkewe Drusilla, Ngome Isiyopandika, hakuliamini neno hilo. Yeye alikuwa na cherehani, na alijua vema kwamba uzi hukatika. Basi akampiga marufuku kutembea, kuinama, kucheka sana, na kubishana na redio. Hayo yote Manasseh aliyavumilia. Lililomshinda ni moja. Choo chao kilikuwa hatua arobaini juu ya kilima, nyuma ya migomba, na kila alipotaka kwenda, Drusilla alisimama ukingoni mwa ua akamwita jirani yao Ratemo, aliyekaa ng'ambo ya bonde, kwa sauti iliyozoea kuongoza kwaya: "Ratemo, njoo na kiti tumbebe, Mzee anataka kwenda." Na bonde zima likajua. Wachuma chai walisimama kutazama. Wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa walikuwa wazee wa kanisa, walitazama saa zao.

Miezi minne ikapita hivyo. Ndipo Jumanne ile Manasseh akainuka, akavaa koti na kofia, akashika mkongojo, akasimama mbele ya mkewe.

"Mama Bitutu," akanena, "nimewafundisha kusoma watoto wa kilima hiki miaka thelathini na minne. Nimepasuliwa kifua mbele ya Wazungu kumi, nami sikulia. Leo nakwenda chooni, na nakwenda peke yangu."

"Na uzi ukikatika?"

"Daktari amesema nitembee."

"Daktari hakukuona asubuhi ile ulipoanguka hapa mlangoni, ukawa huwezi hata kutamka jina langu. Mimi nilikuona."

Neno hilo lilikuwa mkuki, nalo lilimpata. Kisha akasema kwa upole, "Kweli, uliniona. Sasa nitazame nikienda."

Drusilla akakubali, kwa sharti moja: aimbe njia nzima, na humo ndani pia, ili ajulikane yu hai.

Basi akaondoka, akiimba. Jogoo akamzuia njia. Akamtazama kwa jicho la darasani, jogoo akapisha. Tope likamvuta kiatu, akakivuta akalishinda. Akafika penye kisiki cha mkaratusi, pale ambapo zamani maumivu yalikuwa yakimvizia kama askari kanzu. Akasimama, mkono kifuani, akayangoja. Moyo ulidunda mbio, lakini maumivu hayakuja. Akayangoja tena, kwa adabu. Hayakuja. Akaendelea kupanda, na wimbo ukapoteza mahadhi, kwa kuwa alikuwa akilia.

Akaingia, akafunga komeo kwa mkono wake mwenyewe. Humo ndani, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, hapakuwa na mtu wa kumkoholea mlangoni; na utulivu ule ulikuwa mtamu hata akasahau kuimba.

Drusilla akahesabu hadi kumi, akamwita Ratemo, akakimbia. Ratemo akashuka bonde na kulipanda, kiti kichwani, akafika akitweta.

"Baba Bitutu, uko hai?" Drusilla akaita.

Kimya. Kisha ikatoka sauti ambayo kilima kilikuwa hakijaisikia tangu mwalimu astaafu. "Drusilla. Ratemo. Nimo. Rudini nyuma hatua ishirini, na msiongee."

Wakarudi. Ratemo, ingawa alikuwa hirimu yake, alivua kofia.

Manasseh akatoka, akateremka kwa miguu yake, akanawa mikono, akaketi. Drusilla akaingia jikoni, akaja na ungo wa maharagwe, akamwekea mapajani.

"Aliye na nguvu za kupanda kule," akasema, "ana nguvu za kuchambua."

Naye Manasseh akaupokea ungo ule kama mfalme apokeavyo taji. Basi iandikwe, wajukuu wa Manga wasome: siku ile Manasseh Ombui alikwenda, akarudi, na kabla jua halijatua alikuwa amekemewa kwa kuacha jiwe ndani ya maharagwe, kama mume yeyote mwenye afya njema.