Koki ya Hita na Leso ya Mama Mkwe

Jamaa, leo heshima yangu imebaki Keroka, kando ya barabara, pale akina mama hupanga mikungu ya ndizi. Nimefika nyumbani bila hiyo. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine, maana kuna watu walikuwa na simu mkononi.

Mnanijua. Nauza dawa za ng'ombe hapa Nyansiongo, na nina ugonjwa mmoja tu: nikiona kitu kimefungwa kwa skrubu, silali mpaka nione ndani. (Redio ya baba mkwe ilifia mikononi mwangu mwaka niliooa. Tuliyamaliza kifamilia.)

Sasa, marehemu baba aliniachia gari. Stesheni wagoni kuukuu, limenizidi umri, na bado linawaka vizuri asubuhi. Kitu kimoja tu kilikuwa hakifanyi kazi: hita. Kwenye dashibodi kuna kijiti chenye alama nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili. Tangu nikiwa mtoto nimekisukuma huku na huku na hakuna lililotokea. Sasa kiliwekwa cha nini? Nimeishi na swali hilo miaka yote.

Wiki hii swali likapata haraka. Mama mkwe alikuwa aje kutoka Birongo kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza, na huko kwao, Nyansiongo inajulikana zaidi kwa baridi kuliko kwa maziwa. Mke wangu akaniambia wazi: "Mama akifika amefurahi, atalala wiki mbili, na mimi nitapata usingizi. Akifika anatetemeka, atarudi jioni hiyo hiyo, na Kemunto akilia usiku ni wewe utaamka." Kemunto ni binti yetu. Analia kama mtu aliyeajiriwa kulia.

Basi nikafungua. Chini ya dashibodi, nyuma ya kapeti, nikakuta koki ndogo imeshikana kwa kutu. Nilipoelewa kazi yake nilikaa chini nikacheka peke yangu, jinsi ilivyo rahisi. Maji moto yanatoka kwenye injini, yanapita kwenye koki, yanaingia kwenye rejeta ndogo ndani ya gari, feni inapuliza, watu wanapata joto. Kijiti kikienda kwenye nyekundu, koki inafunguka. Yetu ilikuwa imejifunga, labda kabla sijazaliwa.

Fundi wa Kisii mjini hakunisaidia. "Hizo sisi huunganisha paipu moja kwa moja tunasahau. Hita ya nini na jua iko?" Kwenye duka la spea, muuzaji aliinyanyua ile koki juu kwenye mwanga, akawaita wenzake waje waione. Mwishowe nikapata koki ya kawaida ya shaba, ya mabomba ya nyumba, katika duka la vifaa vya ujenzi pale Mosocho. Saizi ilikaribiana. Nikaifunga, nikaunganisha waya wa kile kijiti kwenye mpini wake, nikakaza klipu za paipu, nikawasha gari. Joto likatoka. Lilinuka vumbi na panya, lakini lilikuwa joto, na nilikaa mle ndani nikitabasamu mpaka shati likalowa jasho.

Hapo ningeacha. Lakini leo asubuhi, nimeshavaa suruali yangu ya harusi, likanijia wazo. Ile klipu imekaza kweli, ama inaonekana tu imekaza? Nikachukua bisibisi, nikailegeza kidogo nione. Hapo hapo mke wangu akaniita chai. Nikaenda kunywa chai. (Ndiyo. Nyinyi mmeshaelewa. Mimi nilielewa nikifika Keroka.)

Kwa wasio Wakisii nieleze kidogo. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima kati ya mkwe na mama mkwe. Hamshikani mikono, hamtaniani, na mmoja haoni mwili wa mwenzake. Mama mkwe wangu ameishika kikamilifu na kuongeza yake. Tangu nioe hajawahi kuniambia neno moja uso kwa uso. Husema kupitia mtu. Nami nikimwendesha hukigeuza kioo cha ndani kikaangalia paa. (Ya nyuma huwa nayaona kwa imani.)

Leo mtu wa katikati alikuwa shemeji yangu Moraa, mdogo wa mke wangu. Alikaa mbele nami, mama mkwe akakaa nyuma. Tulitoka Birongo na manyunyu. Nikasukuma kijiti kwenye nyekundu.

"Moraa," sauti ikatoka nyuma. "Muulize hii joto inatoka wapi."

"Mama anauliza joto inatoka wapi."

"Mwambie inatoka kwa injini. Kuna maji moto inapita hapa chini."

"Maji gani?"

"Mama anauliza maji gani."

Tukaenda hivyo. Alitaka kujua kama maji hayo yanaisha, kama yanachemka, na nani alifikiria kitu kama hicho. Yalikuwa maswali ya mtu anayetaka kujua kweli. Nilianza kushuku kwamba mama mkwe ana ugonjwa wangu na amekuwa akiuficha miaka yote. Nilifurahi sana, nikaanza kuendesha kwa mkono mmoja.

Mbele kidogo akasema tena. "Mwambie imefika mpaka kwa miguu. Miguu zangu zinaskia vizuri."

Wiki mbili nikaziona zikigeuka mwezi. Nilijiuliza kidogo tu: hita hii inapuliza mbele, imefikaje nyuma? Lilikuwa swali zuri. Nililiacha lipite, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Tulipokaribia Keroka, Moraa akaweka spika za simu masikioni.

"Moraa, mwambie hii joto iko na maji."

Moraa alikuwa anatikisa kichwa kufuata wimbo.

"Moraa. Mwambie viatu zangu zimejaa."

Mimi nilisikia. Nilisikia kila neno. Lakini ujumbe ulikuwa wa Moraa, na kumjibu mama mkwe moja kwa moja ni jambo ambalo sijawahi kulifanya. Kwa hiyo nikafanya la heshima. Nikasubiri niambiwe. Kisha nikamgusa Moraa begani, akatoa spika moja.

"Ni nini?"

"Mama anakuita."

"Anasema nini?"

"Sijui. Muulize."

Moraa alikuwa anageuka nyuma kumuuliza wakati ile paipu ilipochomoka kwenye koki.

Maji yote yakaja kwenye mguu wangu wa kushoto. Sikumbuki breki. Nakumbuka gari limesimama, mvuke kila mahali, nami niko nje barabarani. Suruali ya harusi ni kitambaa kizito, jamaa. Kinakaa na moto. Kilikuwa kimenishika kuanzia goti kwenda chini, na mtu anayeungua hafanyi kikao. Niliifungua, nikaishusha, nikaipiga teke ikaenda kutua kwenye ndizi za watu.

Baridi ya Keroka ndiyo iliyonirudishia akili. Nimesimama kando ya gari na boksa. Tena si boksa ya maana. Ni ile ambayo mke wangu ameomba niitupe tangu kabla ya harusi. Nikatazama dirisha la nyuma. Kioo chote kilikuwa cheupe kwa mvuke. Nikajiambia, Mungu ni mwema, haoni kitu.

Kisha nikaona kiganja kikipangusa kioo kutoka ndani. Kilipangusa polepole, duara zuri, mpaka uso ukatokea. Tukaangaliana. Miaka yote hiyo sijawahi kumtazama machoni, na siku niliyomtazama nilikuwa hivyo.

"Huyo wa dirishani ni nani yake?" mama mmoja wa ndizi akauliza.

"Ni mama mkwe wake," Moraa akajibu. (Moraa, aliyeshindwa kufikisha ujumbe mmoja ndani ya gari, huu aliufikisha kwa barabara nzima.)

"Yaye. Hapo faini ni mbuzi."

Mbuzi wa kutoka kwangu au wa kupewa mimi, sikuuliza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka kuliko mguu. Mlango wa nyuma ukafunguka, leso ikatoka, Moraa akaniletea. "Mama amesema ujifunge." Nikajifunga. Leso ya mama mkwe, yenye maua makubwa ya manjano. Sijui kama chinsoni ina jina la hilo.

Akashuka mwenyewe, miguu mitupu, viatu mkononi. Akamwaga maji ya kiatu kimoja, akamwaga cha pili. Akainama akachungulia chini ya dashibodi kwa muda. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu usiku nitakaoamka na Kemunto.

"Baba Kemunto," akasema. "Ni hii ndiyo imetoka?"

Nikamtafuta Moraa kwa macho.

"Nakuuliza wewe. Mimi nimeona kila kitu. Sasa tutaongea kupitia nani?"

Nikasogea. "Ni hiyo, mama."

"Na hukukaza?"

"Nilikaza. Halafu nikalegeza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kujua kama nimekaza."

Akaitazama klipu, akaizungusha vidoleni. "Hata mimi ningetaka kujua," akasema.

Gari lilipopoa niliziunganisha zile paipu mbili moja kwa moja, kama fundi alivyosema. Akina mama wa ndizi wakatupatia maji ya kujaza rejeta, pamoja na suruali yangu na maoni yao. Tukaja mpaka Nyansiongo bila hita. Mama mkwe alitetemeka njia nzima, nami nilikuwa nimekata tamaa kabisa.

Mke wangu alitoka mlangoni na mtoto, akaona mama yake miguu mitupu, akaniona mimi na leso. Akafungua mdomo. Mama mkwe akamtangulia. "Usiulize. Na mimi sirudi Birongo mpaka nione hiyo kijiti ikifanya kazi."

Sasa hivi yuko sebuleni. Kemunto amelala kwenye mkono wake mmoja, ile koki ya kutu iko kwenye mkono wa pili, na ameshaniomba bisibisi. Mguu umekuwa mwekundu kidogo tu. Nimeupaka dawa. (Ya watu, si ya ng'ombe.) Kesho nafungua duka kama kawaida, na mkipita ulizeni habari ya mtoto peke yake. Habari ya leso itawafanya mcheke, na mimi bado sijapoa.

Kuhusu hita, mke wangu amepita hapa jikoni akaninong'oneza nisiharakishe kuitengeneza.