Jogoo wa Mgeni Rasmi

Ukitaka kumjua Hezroni, usimtazame usoni, mtazame mkoba. Mkoba mweusi wa ngozi, wenye kufuli mbili, hata chooni alikuwa anakwenda nao. Ndani mlikuwa na mavuno yote ya Mbeya, alikowauzia vijana fomu za ajira kwenye meli ambayo hata mbao zake hazijakatwa. Pesa hizo ndizo zilizokuwa zimtoe kimaisha. Alikwisha chagua fremu ya duka Dar es Salaam, na Kyela alipitia tu apoze nyayo. Nia yake ilikuwa safi kabisa: kuacha utapeli. Lakini tabia ni ngozi, bwana.

Alikuwa hotelini kwa Husseini, pale stendi, anachovya chapati kwenye chai, aliposikia mwenye hoteli akimsimulia mteja.

"Binti wa Mzee Asajile wa Makwale kapata chuo Uingereza. Shahada ya pili ya uhasibu, si mchezo! Ila asipolipa ada ya kwanza kabla mwezi haujaisha, nafasi anapewa mwingine. Mzee ana kakao, ana mpunga, na bado haifiki."

Chapati ikabaki inaelea. Mzee mwenye kakao, binti mwenye haraka, ada ya ng'ambo. Mungu akupe nini tena, akupe na kijiko?

Kesho yake Hezroni alitinga suti, akapanda keria ya baiskeli ya abiria, mkoba mapajani, akapelekwa Makwale akirushwarushwa kila shimo. Mbele ya nyumba ya Mzee Asajile alishuka, akafuta vumbi, akasalimu kwa Kinyakyusa, "Mugonile," kwa lafudhi mbaya mno, mzee akajibu huku anazuia kicheko.

"Naitwa Dokta Hezroni. Nawakilisha Mfuko wa Nyota ya Elimu. Tumesikia habari za binti yako."

"Huo mfuko unafanyaje?"

"Rahisi, mzee wangu. Familia ikichanga moja, sisi tunaongeza tatu. Mkichanga kumi, tunaweka thelathini. Mnanikabidhi mchango wenu, naupeleka makao makuu, binti anapanda ndege."

Mzee Asajile akakuna kidevu. "Wahuni ni wengi siku hizi, Dokta. Tangu biashara iachiwe huru, na wezi nao wamekuwa huru."

"Sawasawa!" Hezroni akapiga paja. "Ndiyo maana kwetu kila kitu ni hadharani, mbele ya mashahidi. Mfuko wetu hautaki mambo ya gizani hata kidogo."

Tusekile, binti mwenyewe, alikuwa anapakua mbalaga, zile ndizi zao za kupika, macho chini, mpole kama maji ya mtungini.

"Mara tatu kweli, Dokta?"

"Mara tatu, dada."

"Hata mtu mmoja akitoa nyingi sana?"

"Hata akitoa nyingi za kutisha!"

Tusekile akamgeukia baba yake. "Basi baba, tuitishe mchango kanisani Jumapili. Mbele ya mashahidi, kama Dokta anavyotaka. Na mgeni rasmi awe yeye mwenyewe."

Nusura Hezroni abusu sufuria. Wenyewe wakusanye, wenyewe wahesabu, yeye kazi yake kupokea! Alikula mbalaga sahani mbili akaomba na ya tatu.

Maskini. Angelelewa kanisani badala ya stendi za mabasi, angejua mgeni rasmi ni kiumbe gani katika nchi hii. Mgeni rasmi ni ng'ombe wa maziwa aliyefungwa tai.

Jumapili ibada ilipokwisha, alivishwa shada la maua, akaketishwa mbele kwenye kiti chenye kitambaa. Kwaya ikamwimbia jina lake lote na udokta wake. Kisha mchungaji akatangaza: "Kwa desturi yetu, mgeni rasmi ndiye anayefungua. Na sisi wengine tunamfuata kwa jinsi alivyofungua."

Hezroni akapiga hesabu upesi. Kapu si linakuja mkononi mwangu? Nitakachotoa kinanirudia, na cha kwao juu yake. Nikibana, nao watabana. Akafungua kufuli mbili, akachomoa bunda, akalitumbukiza kapuni. Vigelegele! Kanisa zima likasimama. Watu wakafungua pindo za khanga, wakafungua hata soksi, kapu likaanza kujaa, na moyo wa Hezroni ukacheza ngoma.

Halafu wakatoka nje mnadani.

Mnadi alikuwa Anyitike, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kuamsha marehemu. Akainua jogoo mwekundu juu. "Jogoo wa elimu huyu! Naanzia kwa mgeni rasmi!"

Hezroni akataja bei. Baba mdogo wa Tusekile akapanda. Hezroni akapanda zaidi, baba mdogo akapanda tena, akinamama wakapiga kelele, "Mgeni rasmi atashindwa na mkulima?" Hezroni akamnunua jogoo kwa bei ya ndama. Akanyoosha mkono ampokee.

"Mgeni rasmi anasema jogoo arudi mnadani!" Anyitike akanguruma.

Hezroni hakuwa amesema neno. Lakini vigelegele vilikwisha anza, na utamwambiaje mama anayekushangilia kwamba hukusema? Jogoo akarudi. Akanunuliwa, akarudi tena. Kila jasho lilipomtoka Hezroni, Tusekile alipita karibu na jagi la maji na kumnong'oneza, "Mara tatu, Dokta," naye akajipa moyo, akachomoa bunda jingine. Zinatoka mfuko wa kulia, zinaingia wa kushoto! Safari ya mwisho aliingiza mkono mkobani akapapasa ngozi tupu. Jogoo akawa wake.

Hapo akasimama, akafunga vifungo vya koti, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kapu.

Tusekile akatangulia kushika kipaza sauti.

"Dokta ametufundisha kila kitu kiwe mbele ya mashahidi. Kwa hiyo kapu linalala kwenye sefu ya kanisa. Kesho wazee wanakwenda nalo benki Mbeya, inaandikwa hundi kwa jina la chuo. Ndugu zangu, ada ya kwanza imetimia, na nauli juu! Zile tatu za Mfuko, Dokta atazituma mwenyewe hukohuko chuoni. Ndaga fijo, asante sana, Dokta!"

"Ndaga fijo!" kanisa likaitikia.

Hezroni akafungua mdomo. Aseme nini? Nirudishieni changu? Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa palepale kwenye kwaya, anaimba besi. Akafunga mdomo, akapunga mkono.

Mgeni husindikizwa, na Tusekile alimsindikiza mpaka barabarani, jogoo kwapani mwa Hezroni.

"Ulijua lini?" Hezroni akauliza.

"Ulipotaja mara tatu. Mwalimu wetu wa ukaguzi wa hesabu alituambia, anayekuahidi tatu, muombe kwanza akuonyeshe moja." Akatabasamu. "Tumeiona moja yako, Dokta. Ilikuwa nzuri."

Jioni hiyo Hezroni alikuwa stendi, anamtembeza jogoo ili apate nauli. Husseini akakataa, akasema anapika samaki tu. Mara Anyitike akatokea na baiskeli, akamkagua jogoo miguu na mbawa, akataja bei.

"Mzee! Mchana nimemnunua kwa pesa ya fremu ya duka!"

"Mchana ulinunua baraka. Huyu hapa ni kuku." Anyitike akamfunga jogoo kwenye keria bila haraka. "Jumapili ijayo tunamchangia kijana wa udaktari, atahitajika tena. Na mgeni rasmi bado hatujapata. Dokta, wewe Jumapili..."

Hezroni alikwisha dandia basi. Pesa ya jogoo ilimfikisha Tukuyu tu.