Kucha za Bwana Asali

Siku Bwana Asali alipoiona ile pete, mate yalimjaa kinywani kama mgonjwa aliyenusa mchuzi. Ya dhahabu, kito chekundu, na imekaa kwenye kidole cha mama mmoja mnene, mpole, aliyekuwa saluni akitengenezwa kucha.

Jina la Asali alipewa kwa ajili ya ulimi wake. Lakini mtaji wake hasa ulikuwa saa ya mkononi, dhahabu tupu, kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho. Aliyeiona alimwamini. Bila saa ile, Asali ni domo tu.

Basi akaikariri pete kwa macho, akaenda kwa fundi wa kona, akachongewa ya shaba, pacha wake kabisa. Wiki iliyofuata akarudi saluni. Mama yupo, kiti kilekile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na hiyo saa yako, jamani! Tangu wiki ile naitamani."

Dada wa kucha akaleta mabakuli ya maji ya uvuguvugu yenye povu, na kisahani kimoja katikati. "Vueni vya mikononi, wekeni hapa."

Mama akavua pete. Asali akavua saa, na katika kuiweka, vidole vikacheza: pete ya shaba ikabaki kisahanini, ya dhahabu ikazama mfukoni mwa shati. Hata nzi hakushtuka.

Lakini utaondokaje na mikono imelowa povu? Akatulia. Dada akamsugua, akamsukuma vingozi vya kucha kwa kijiti, akapiga tupa taratibu, akamalizia kwa rangi ya kung'aa.

"Usiguse kitu mpaka ikauke, kaka."

Asali akabaki ametanua vidole kama nguo iliyoanikwa. Mama hakutaka rangi. Akainama kuchukua pete yake, kibeti kikamdondoka, akakiokota huku akiomba radhi, akavaa pete bila hata kuitazama. Asali alicheka moyoni hadi mbavu zikamuuma.

"Mwanangu, utaharibu kucha bure. Lete mkono nikuvalishe saa."

"Mungu akubariki, mama."

"Amina, baba."

Akamfunga saa kwa upole wa mama mzazi, akaenda zake.

"Amesema utamlipia," akasema dada.

"Mama yangu yule! Nalipa!"

Akafika kwa sonara anapiga mluzi. Sonara akaigeuza pete, akaikwaruza, akaguna.

"Kaka, hii shaba."

"Shaba? Nimeitoa mwenyewe kwa..." Akameza maneno.

"Hii ni kazi ya yule fundi wa kona. Kuna mama mnene, mteja wake. Alimchongea pete kama hii, na juzi akamtengenezea saa."

"Saa?"

Asali akatazama mkononi. Mishale ilikuwa imechorwa kwa rangi.

Sonara akaushika ule mkono, akauinua kwenye mwanga.

"Lakini kucha, kaka! Hizi ndizo za kweli."

Asali akatia mikono mfukoni, polepole, asije akakwaruza rangi.