Nilivyogeuka Shemeji wa Mtu kwa Tamaa ya Sukari

Ndugu zangu wa gereji, leo nimeaibika. Si askari aliyeniaibisha, wala si mwizi. Ni foleni. Tena niliingia mwenyewe, kwa miguu yangu, nikiwa na kopo mkononi.

Nawaandikia mapema, kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana nusu ya Kampala ilikuwapo.

Asubuhi nilitoka Jinja bila mpango. Mnanijua. Nilikuwa nakwenda bombani kunawa uso, nikaona lori la mkaa linawashwa. Nikamwuliza dereva anakwenda wapi. Akasema Kampala. Nikapanda. (Uso sikunawa. Hilo lilinigharimu, mtaona.)

Lori likanishusha karibu na Kikuubo. Maduka yote wazi, wenye maduka wamekaa, rafu tupu. Duka moja lilikuwa na viberiti vitatu na picha ya Rais. Nikazurura kuelekea soko la Owino, na hapo, kando ya ukumbi mmoja wa kanisa, nikaiona. Foleni! Ndefu, imezunguka ukuta na kupotelea kwenye kona.

Sheria ya siku hizi mnaijua: ukiona foleni, ingia kwanza, uliza baadaye. Na hata baadaye usiulize, maana anayeuliza anajulikana kuwa mgeni, na mgeni hutolewa kwa viwiko. Basi nikaingia. Nikatoa kopo langu mfukoni, nikaanza kufikiri.

Wote ni wanawake. Sabuni ikitoka, wanaume nao huja. Kwa hiyo hii ni sukari! (Msiniulize hesabu hiyo niliipigaje. Niliacha shule darasa la tano.) Tena kila mmoja ameshika karatasi. Chiti hizo! Wamepewa ofisini kibali cha kununua. Mimi sina hata risiti. Ikabidi nitafute mtu mwenye karatasi nyingi nijibanze naye.

Mbele yangu alisimama mama mmoja Mnubi, Mama Rehema, mwenye bunda zima kwapani. Nikamsalimu kwa adabu. Nikamshikia mwavuli. Nikamchekesha kidogo. Akacheka, kisha akanieleza habari zake bila kuombwa, kama watu wa foleni wanavyofanya. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya Mombasa. Amefariki, amemwachia watoto wanne na nyumba ya vyumba vitatu kwenye mteremko wa Naguru. Hata arobaini haijaisha, shemeji yake akahamia chumba kimoja, ati awaangalie watoto. Sasa anamtaka mama atoke kabla mwezi haujaisha.

"Anasema nyumba ni ya ukoo," aliniambia. "Mimi na wanangu wanne tutakwenda wapi, baba?"

Nilimpa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Lakini Mungu anisamehe, jicho langu lilikuwa kwenye zile karatasi.

Jua likapanda. Foleni ikasogea. Hatimaye tukafika mlangoni, akatokea dada mmoja mwenye daftari.

"Mko pamoja?"

Mama Rehema akafungua kinywa. Nikamwahi.

"Tuko pamoja! Familia moja!"

Ndani kulikuwa na meza, taipureta, vitabu vinene kama matofali, na wanawake wawili wamevaa suti nyeusi. Mmoja mnene, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Mwingine kijana, anaandika. Sikuona gunia hata moja. Nikasema moyoni, yako stoo.

Yule mwenye miwani akafungua faili ya Mama Rehema. Akanitazama.

"Wewe ndiye shemeji yake?"

(Nikafikiri: shemeji naye ana mgawo.) "Ndiyo, Madamu."

"Hatimaye!" Akapiga meza, taipureta ikaruka. "Tumekuandikia barua mbili. Leo ndiyo umeiona njia?"

"Samahani, Madamu. Usafiri mgumu."

"Usafiri! Kaka yako alipokuwa hai, ulikula kwa nani?"

"Kwake, Madamu."

"Chakula kilipikwa na nani?"

Nikamwonyesha Mama Rehema kwa kidole. Niliona ndilo jibu linalotakiwa.

"Na leo unataka kumtupa barabarani? Huyu, na watoto wa damu yako? Huoni haya? Hao watoto ndio urithi wa kaka yako, si mabati! Jumatatu nitasimama mbele ya jaji, nilitaje jina lako kwa sauti mpaka wapita njia walisikie!"

Ndugu zangu, mtanilaumu kwamba sikujitetea. Lakini tangu lini mtu akapata bidhaa Uganda hii bila kugombezwa kwanza? Jinja tulipewa chumvi baada ya kuitwa mbwa mara tatu. Nikainamisha kichwa, nikasubiri mgawo.

Wanawake wa foleni walikuwa wamejaa mlangoni.

"Mwambie, nyabo, mama yetu! Mwambie!"

"Mtazameni! Hata uso hajanawa!"

"Walaji wa mali za yatima wako hivyohivyo!"

Nikamtazama Mama Rehema aniokoe. Mama Rehema anatazama dari. Midomo ameibana kama mtu aliyeficha punje ya njugu.

"Haya, jitetee," akasema yule mwenye miwani. "Una la kusema?"

Nikaona wakati umefika. Nikaweka kopo mezani, polepole, juu ya faili.

"Madamu, yote uliyosema ni kweli. Nimekosa. Mimi nusu kilo tu itanitosha."

Madamu akalitazama kopo.

"Nusu kilo ya nini?"

"Ya sukari, Madamu."

Yule kijana akaangusha kalamu. Nami ndipo nikainua macho na kuona karatasi kubwa ukutani, nyuma ya kichwa cha Madamu: USHAURI WA SHERIA KWA WANAWAKE. BURE. Mkutano wa kila Jumamosi wa chama cha mawakili wanawake!

Kicheko kilianzia mezani, kikatoka mlangoni, kikafuata foleni. Nilikisikia kinavyozunguka ukuta: "Alikuja kwa sukari! Alikuja kwa sukari!" Kikakata kona, na ningali nakisikia.

Madamu alivua miwani, akafuta machozi. Kisha akamgeukia mteja wake. "Mama, na wewe mbona ulinyamaza?"

"Nisamehe, wakili," akasema Mama Rehema. "Mwenyewe hatakuja kamwe. Nilitaka nisikie angeambiwa nini."

Wakaniweka kwenye benchi, kama kuku aliyekamatwa shambani kwa mtu. Yule wakili kijana akaniletea maji. Nami kwa kuwa udadisi ni ugonjwa wangu, nikamwuliza mnafaidika nini hapa, hamlipwi? Akacheka. Alisema siku yake ya kwanza mahakamani, karani alimwonyesha benchi la wake za washtakiwa, akamwambia akae atulie. Hakuwa na wa kumlilia. Alipoingia chamani akapata mama huyu mwenye miwani, wa kumwuliza maswali na kuazima vitabu kwake. "Na siku hizi," akasema kwa sauti ya chini, "wakili akiwa peke yake hutishwa kirahisi. Wakiwa chama, anayewatisha lazima ajipange."

Tukiwa hapo, Madamu alikuwa akipiga taipureta. Barua ya tatu, ya mwisho: shemeji atoke, la sivyo Jumatatu kesi inafunguliwa. Mbili za kwanza walipewa watoto, zikachanwa mlangoni. Hii lazima mtu mzima aikabidhi mkono kwa mkono na kushuhudia. Akatazama huku na huku. Akanitazama mimi.

"Wewe wa kopo. Unajua kuandika jina lako?"

Ndivyo nilivyofika Naguru saa kumi alasiri, nikiwa nyuma ya Mama Rehema, barua mkononi.

Shemeji wa kweli alikuwa amekaa kibarazani anapiga viatu rangi. Ndugu zangu, Madamu angemwona huyu asingeniona mimi kuwa yeye. Kifua chake ni mlango wa gereji yetu. Nikampa barua.

"Wewe nani?"

Nikarudi hatua moja. "Mimi... nimetoka foleni."

Akacheka, akaisoma, akaikunja. "Waambie hao wanawake, mimi nakunywa na maafande."

Neno hilo mnalijua, siku hizi limepoteza watu. Majirani waliokuwa wakichungulia wakarudisha vichwa ndani. Mimi mwenyewe niligeuka nitazame barabara iko wapi.

Mama Rehema akapiga mlango kofi moja. "Kaka yako alipokuwa hai, ulikula kwa nani?"

Shemeji akaokota brashi ya viatu.

"Nakuuliza! Chakula kilipikwa na nani?"

Neno kwa neno! Hakuacha hata neno la mabati. Kisha akaongeza ya kwake: "Mmoja ungemtisha. Hawa wamefanya chama. Leo habari zako wamezisikia foleni nzima, na Jumatatu jina lako atalisikia jaji. Utawatisha wangapi?"

Vichwa vya majirani vikarudi dirishani, kimoja kimoja. Mwanamke mmoja akatoka kabisa na mwiko wake. Shemeji akawatazama wote. Akachukua baiskeli, akachukua godoro, akang'oa kufuli mlangoni mwa chumba alichokaa. "Nitarudi," akasema. Lakini alikwenda.

Mama Rehema alikaa chini palepale. Kisha akaniambia, "Chumba kikikaa tupu hatafika Jumatatu bila kurudi. Utakaa wewe."

"Mimi, Mama? Akija nitafanya nini?"

"Utapiga kelele. Nguvu huna, nimeona. Mdomo unao."

Basi nina makazi Kampala, mkeka, chai ya rangi, na watoto wanne dirishani wanaoniita Baba Kopo. Chekeni, lakini polepole: yule bwana ameondoka na kufuli lake, na mlango huu nimeuzuia kwa kiti.