Mgonjwa wa Kukodi

Msomi alimwona yule mzee kabla mzee hajamwona, na kwa watu wa kazi yake huo ni mtaji tosha.

Alikuwa kwenye benchi lake kando ya kibanda cha fotokopi, ng'ambo ya Ofisi ya Rufaa za Askari Wastaafu. Jina la Msomi alijipa mwenyewe, pamoja na miwani ya kioo kitupu. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wastaafu kudai fidia ya ulemavu, na msaada wake ulikuwa hivi: wao walitoa, yeye akapokea, kisha akahamia benchi jingine. Jeshini hajawahi kufika hata getini.

Mzee alitoka ofisini kifua mbele. Akavuka uwanja kwa mwendo wa gwaride, akampigia saluti mlinzi, akakata kona. Alipodhani hakuna anayemwona, akashika ukuta, akateremka nao taratibu mpaka chini, akauma mkono wa shati lake na kulia.

"Wamekunyima, mzee wangu?" Msomi alikuwa amefika tayari, sauti imejaa huruma ya bei nafuu.

"Wamenipima. Daktari kaniuliza, unaumia?"

"Ukamjibuje?"

"Hapana, afande!" Na pale pale chini, jamani, mzee akajaribu kubana visigino.

Msomi nusura amkumbatie. Huyu alikuwa sajini mstaafu, aliyeangukiwa na makasha ya risasi lori la jeshi lilipopinduka. Tangu siku hiyo mshipa wa nyonga umebanwa, na maumivu yanamshuka kutoka kiunoni, kupitia kalioni, nyuma ya paja, mpaka kidole gumba cha mguu. Anakula amesimama. Analala sakafuni. Lakini kila afisa akimuuliza, mdomo unajibu wenyewe kama ulivyofundishwa ukurutuni. Bodi zote zimeandika kwamba anatembea vizuri. Imebaki rufaa ya mwisho. Akishindwa hiyo, basi tena, hana pa kwenda.

Jioni Msomi alikuwa sebuleni kwa sajini, anapuliza chai na kumwaga maneno.

"Kaka yangu, wewe hutaweza kuumwa mbele ya meja. Huna kipaji. Nitaingia mimi. Bodi ya mwisho ni watu wapya, hawakujui. Picha ya kitambulisho chako imefifia, hata mbuzi anaweza kupita nayo."

"Mimi siwezi kulidanganya jeshi," alisema sajini, amesimama, sahani mkononi.

Mkewe aliinua uso kutoka kwenye cherehani. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, wa kuitikia kila kitu, na Msomi alishamweka kwenye hesabu ya samani.

"Baba, nani kasema uongo?" aliuliza. "Maumivu ni yako. Mdomo tu ndio wa kukodi." Kisha akamgeukia mgeni. "Na wewe shemeji utataka nini?"

"Malimbikizo tu," alisema Msomi, ameinamisha macho kwa unyenyekevu. "Zile fedha za miaka ya nyuma. Zinalipwa dirishani siku hiyo hiyo. Malipo ya kila mwezi ni yenu, mle kwa raha."

Alidanganya hata hapo. Alikuwa amepanga kuondoka na malimbikizo, na kitambulisho pia, ambacho angekiweka rehani mahali fulani. Mtu mwenye moyo angeona haya. Msomi aliomba sukari zaidi.

Wakaanza mazoezi. Sajini alieleza, Msomi akaigiza: alichechemea, akashika kiuno, akavuta mguu. Tuseme ukweli, alikuwa fundi.

"Ongeza kidogo, shemeji," mke alimhimiza, sindano mdomoni. "Mume wangu anaumwa zaidi ya hapo."

Msomi akaongeza. Akalia mpaka jirani akagonga ukuta.

"Ongeza tena. Nataka wamhurumie hasa."

Sifa zilimlevya. Usiku ule alirudi kwake anachechemea, mtaa mzima, bila mtazamaji hata mmoja.

Siku ya rufaa sajini alibaki nyumbani. Mkewe alimsindikiza "mumewe" kwa kumshika mkono, akaketi ndani ya chumba cha bodi, nyuma kabisa, kwenye benchi la jamaa.

Mwenyekiti alikuwa daktari, meja, mwanamama asiyecheka. "Sajini, unaumia?"

"Afande!" Msomi alijitupa kwenye kitanda cha kupimia na kutoa mlio uliowaamsha wazee wote waliosinzia nje. Meja aliinua mguu wake kidogo tu; akapiga ukelele. Akaushusha, akapiga mwingine. Meja akamchoma unyayo kwa pini kuona kama una hisia. Hapo kipaji chake kilionekana: machozi yalimlengalenga, lakini alitabasamu na kuuliza, "Umeshaanza, afande?"

Wajumbe walitazamana. Wakanong'ona. Meja akagonga muhuri, mara moja, kwa nguvu.

"Rufaa imekubaliwa. Ulemavu wa daraja la juu, na malimbikizo yote."

Msomi alifumba macho kwa furaha. Alishaanza kuchagua suti.

"Lakini huyu haendi nyumbani," meja aliendelea. "Nikimwacha hivi atapooza. Machela! Hospitali ya jeshi, sasa hivi."

"Na fedha zangu, afande?" Alisahau kabisa kuugua.

"Mgonjwa akilazwa, mkewe ndiye anayepokea. Mkewe yupo?"

"Nipo, afande," alisema mke wa sajini. Alikuwa amesimama tayari, kitambulisho chake mkononi.

Msomi alimwangalia huku anafungwa mikanda ya machela. Ndipo mama akamwinamia kama anayemfuta jasho, akamnong'oneza:

"Nimekaa kwenye mabenchi ya ofisi hii rufaa zote, shemeji. Anayelia kiasi anapewa fedha. Anayelia sana anapewa na kitanda."

Kesho yake alimtembelea wodini. Msomi alilala chali, mguu wake mzima, usio na kosa lolote, umening'inizwa kwa kamba na vyuma vizito. Mlangoni alisimama askari, bunduki begani.

"Nitasema!" Msomi alifoka kwa sauti ya chini. "Nitawaambia mimi si sajini!"

"Waambie. Kujifanya askari mbele ya bodi ya kijeshi, sijui wanafunga mtu miaka mingapi. Muulize yule pale mlangoni."

Msomi alimtazama yule pale mlangoni. "Shemeji, basi hata nauli."

"Utatoka kwa gari la jeshi, mume wangu. Bure."

Muuguzi aliingia na sinia. Juu yake kulikuwa na sindano ndefu ya kuchoma uti wa mgongo, ndefu kiasi kwamba Msomi aliihesabu mara mbili akidhani ni mbili.

"Nimepona!" alipiga kelele. "Dada, tazama, siumwi popote! Nimepona kabisa!"

Mke wa sajini alimshika muuguzi bega, macho yamejaa majonzi ya ndoa ndefu. "Usimsikilize, mwanangu. Hajawahi kukubali kwamba anaumwa, tangu nimeolewa naye."

"Tumewazoea, mama. Wanajeshi wote ndivyo walivyo," alisema muuguzi, akavuta pazia. "Geuka, afande."

Nje ya geti teksi ilikuwa inangoja. Sajini alikuwa amejilaza kiti cha nyuma, miguu imekunjwa, uso umelowa jasho. Mkewe alipanda mbele, akaukumbatia mkoba wake, akamtajia dereva jina la daktari bingwa wa mifupa ambaye walikuwa hawajawahi kumudu hata kupita mlangoni pake.

"Na uendeshe polepole kwenye matuta," aliongeza. "Kuna mtu anaumwa humu."

Dereva aliangalia nyuma. "Unaumwa, mzee?"

Sajini alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama mkewe.

"Sana," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya watu.