Ombi la Kuitunza Injini Yangu Mpaka Ndugu Veijo Arudi Kutoka Kuwinda

Ndugu Mwenyekiti Tuomo Kärppä na Wajumbe wa Bodi,
Chama cha Wenye Mashua, Haapasalmi.

Natumaini barua hii itawakuta mahali penye joto. Mimi ninaiandikia ndani ya mashua yangu, nikiwa nimevaa glavu, kwa hiyo mnisamehe mwandiko.

Mashua zote zilikuwa zitolewe ziwani Jumamosi iliyopita, kabla maji hayajaganda. Yangu bado inaelea, na redio inatangaza digrii sita chini ya sifuri. Injini yangu ni ya mwaka 1963 na vipuri vyake havitengenezwi tena duniani. Maji yaliyomo yakiganda, chuma kitapasuka, na mimi nitakuwa mtu wa kutazama ziwa kupitia dirisha. Kwa unyenyekevu mkubwa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Ndugu Veijo, mwendesha kreni yetu ya kuinulia mashua, ameahirisha kazi wiki nzima ili akawinde kulungu. Nilipomsihi alisema, "Ensio, kulungu wana miguu. Mashua yako haiendi popote." Hilo limeniuma.

2. Nilivuta waya kutoka jikoni kwa chama nikawasha taa kando ya injini ili iipashe joto. Kabla ya kuondoka, Veijo huyohuyo aliuchomoa. Eti umeme wa chama ni wa kuchemshia kahawa.

3. Jumamosi hiyohiyo jioni niliingia sauna ya chama, bafu letu la mvuke wa mawe, kuazima mawe sita ya moto, nikiwa na ndoo yangu mwenyewe. Nakiri ilikuwa zamu ya akina mama. Nakiri pia nilibisha hodi nikiwa tayari ndani. Lakini je, ilikuwa lazima Bi Marjatta, Katibu wetu, anirushie kata nzima ya maji? Hata hakupiga kelele. Alisema tu, "Toka, Ensio. Na ufunge mlango, unatupotezea joto." Joto lao lilimhangaisha. La injini yangu, hata kidogo.

4. Kwa kuwa Chama kimenitupa, tangu Jumapili nimeifunika injini kwa blanketi langu, nami nalala pembeni yake chini ya blanketi hilohilo, maana mwili wa binadamu una digrii thelathini na saba bila umeme. Mke wangu, Sirkka, ameivumilia hali hii kishujaa. Hakupinga hata neno moja. Alinijazia chupa ya kahawa, akanifungashia soksi, akasema, "Nenda, mume wangu. Injini inakuhitaji." Machozi yalinilengalenga.

5. Lakini mtu mmoja hatoshi. Hivyo naomba Mkutano Mkuu wa Vuli ufanyike ndani ya mashua yangu, kuanzia kesho jioni hadi Veijo atakapopata kulungu. Nimepima: wanachama kumi na mmoja wanaenea, Mwenyekiti akikubali kulala juu ya injini. Naomba pia wanachama wabishane. Mwaka jana kikao kizima kilitoa sauti moja, nayo ilikuwa chafya. Kwa ukimya wa namna hiyo hatutapasha joto hata kikombe.

6. Bi Marjatta aje na kata yake. Nimeshamsamehe.

Wasalimieni wote nyumbani, na wanaooga sauna, na hata Veijo huko msituni.

Wenu mtiifu, mwenye kutetemeka,
Ensio Pöyhönen

N.B. Sirkka amekuja kuniletea mkate wa shayiri akaisoma barua hii. Ananiarifu kwamba chini ya injini kuna koki ndogo, na kwamba yeye aliifungua Jumapili mchana, maji yakatoka yote kwa dakika moja. Injini ni kavu. Imekuwa kavu siku zote nilizoikumbatia. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Kwa sababu unakoroma, Ensio. Miaka thelathini na moja. Wiki hii nimelala." Nimeumia kidogo, sifichi. Anaiomba Bodi isimharakishe Ndugu Veijo. Awinde hadi aridhike.